Majuto Yaliyotangulia Jambia

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Kwa Macbeth, jemadari wa Scotland katika tamthilia ya Shakespeare inayoitwa kwa jina lake, yalikuja mbele. Kabla hajamgusa Mfalme Duncan, kabla hata hajafika nyumbani kuzungumza na mkewe, moyo tayari unamgonga mbavuni na nywele zinamsimama kwa sababu ya picha iliyo kichwani mwake tu. Wachawi watatu waliomsimamisha njiani wamemwambia atakuwa mfalme. Hawakumwambia aue mtu. Wazo la kuua limezaliwa ndani yake mwenyewe, na hofu ya wazo hilo imezaliwa nalo dakika ile ile, kama pacha wake.

Ndiyo maana nimekuwa nikiirudia tamthilia hii tangu ujana wangu. Nimeisikia mara nyingi ikielezwa kuwa ni kisa cha tamaa ya madaraka: mtu alitaka kiti, akaua, akaadhibiwa. Tamaa imo, sikatai, lakini safari yake ni fupi. Inaisha pale Macbeth anapokwenda Scone kuvikwa taji, na hapo tamthilia haijafika hata nusu. Tamaa imekwisha kupata ilichokitaka. Sasa ni nani anayeendesha mambo yote yanayofuata? Banquo, rafiki yake na jemadari mwenzake, anaviziwa gizani. Mke wa Macduff, kabaila mwingine wa Scotland, na watoto wake wanachinjwa ndani ya ngome yao. Scotland inageuka nchi ambayo kengele ya msiba ikilia watu hawaulizi tena aliyekufa ni nani. Jibu langu ni hatia: hatia iliyofungiwa ndani, ikanyimwa pa kutokea, ikageuka nguvu ya kuua.

Ajabu ni kwamba hatia yenyewe ni ya kubuni. Macbeth wa kweli alikuwepo, mfalme wa Scotland katika karne ya 11. Duncan alikufa mwaka 1040 vitani, akipambana na jeshi la Macbeth. Hakuchomwa jambia akiwa mgeni kitandani. Macbeth akatawala miaka 17, mpaka naye alipouawa mwaka 1057. Katikati ya utawala wake, mwaka 1050, alikwenda kuhiji Roma, na mtawa aliyeishi zama hizo, Marianus Scotus, aliandika kwamba huko aliwagawia maskini fedha kama mtu anayepanda mbegu. Mfalme anayethubutu kukiacha kiti chake na kusafiri mbali namna hiyo haonyeshi dalili za mtu asiyepata usingizi.

William Shakespeare, aliyeiandika tamthilia hii yapata mwaka 1606, alichota kwenye tarikh, yaani vitabu vya historia, za Mwingereza Raphael Holinshed, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1577 na kutolewa upya mwaka 1587. Humo Duncan ni mfalme kijana, mpole kupita kiasi. Macbeth ana hoja ya kukidai kiti. Banquo yumo katika njama. Na baada ya mauaji kunafuata takriban miaka kumi ya utawala wa haki na sheria nzuri. Ukizipanga sababu hizo pamoja unapata utetezi ambao wakili yeyote angeweza kuusimamia. Shakespeare aliufuta wote. Duncan akawa mzee, mwema, mgeni aliyelala chini ya dari ya muuaji wake. Kumtoa Banquo katika njama kulikuwa na sababu ya kisiasa, kwa kuwa James, aliyerithi kiti cha Uingereza mwaka 1603, aliuhesabu ukoo wake hadi kwa Banquo. Hayo mengine sioni siasa ndani yake. Naona mtunzi anayemvua mhusika wake kila kisingizio, ili abaki yeye na alichokitenda.

Halafu akamwongezea mzigo. Katika tarikh hizo hizo kuna kisa cha Mfalme Duff, aliyeuawa na mwenyeji wake Donwald kwa kushawishiwa na mke wa Donwald. Kuna pia kisa cha Mfalme Kenneth, aliyemuua kwa sumu mtoto wa nduguye, kisha usiku akasikia sauti ikimwambia kwamba siri yake inajulikana, usingizi ukampaa. Mke anayeshawishi na sauti ya usiku vyote vilichukuliwa kwa wauaji wengine, akatwishwa Macbeth. Mtu mmoja amebebeshwa dhamiri za wauaji watatu, na yeye ndiye mwenye moyo mwepesi kuumia kuliko wote.

Mauaji yenyewe hatuyaoni. Yanafanyika nyuma ya jukwaa, na sisi tunabaki na mke anayesubiri, akimsikia bundi akilia. Kisha Macbeth anatoka na majambia mkononi, damu ikimchuruzika, na jambo la kwanza linalomtesa ni kwamba hakuweza kusema "Amina". Watu wawili waliolala chumba kimoja waliamka. Mmoja alicheka usingizini, mwingine akapiga kelele kwamba kuna mauaji. Wakasali. Mmoja akasema "Mungu atubariki", mwenzake akaitikia "Amina", wakalala tena. Macbeth alikuwa amesimama akiwasikiliza. Alitaka kuitikia naye. Neno likamkwama kooni. Anamwambia mkewe kwamba yeye ndiye aliyekuwa anahitaji baraka kuliko wote, na haelewi kwa nini "Amina" ilimkatalia.

Hapo ndipo huwa nakiweka kitabu chini kwa muda. Mtu ametoka kuua, na anashangaa kwa nini hawezi kusali. Mshangao huo hauna unafiki hata chembe, na ndio unaonihakikishia kwamba hatia yake haina uhusiano na woga wa kukamatwa. Kukamatwa hajakufikiria kabisa. Amesahau hata kuyaacha majambia kando ya walinzi waliopangwa kusingiziwa. Anachokijua ni kwamba kamba iliyomuunganisha na Mungu na watu imekatika, na aliyeikata ni yeye. Kisha inakuja ile sauti: usilale tena, Macbeth ameua usingizi.

Mkewe anamjibu kwa maneno ya kazi. Kanawe mikono. Rudisha majambia. Mambo haya tusiyafikirie namna hiyo, yatatutia wazimu. Anayetoa onyo hilo ndiye atakayerukwa na akili. Macbeth anapokataa kurudi chumbani, anakwenda yeye, anawapaka walinzi damu, anarudi na mikono ya rangi moja na ya mumewe. Na bado si jiwe: muda mfupi kabla ameungama kwamba kama mfalme asingefanana na baba yake alivyolala, angemuua mwenyewe. Macbeth anauliza kama bahari yote ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, itaweza kuiosha damu hii mkononi mwake, na anajijibu kwamba haitaweza. Mkono huu ndio utakaozigeuza bahari zote kuwa nyekundu. Mke anasema maji kidogo yatatutakasa. Kauli hizo mbili zinakaribiana katika ukurasa mmoja, na maonyesho yote yanayofuata ni muda wa kungoja kuona ipi ni ya kweli.

Simon Forman, tabibu na mnajimu aliyeiona tamthilia hii katika ukumbi wa Globe mwaka 1611, aliandika alichokikumbuka, na mojawapo ni kwamba damu ile haikuoshika kwa njia yoyote, si mikononi mwa Macbeth wala mwa mkewe. Miaka karibu mia nne baadaye, mwaka 2006, Chen-Bo Zhong na Katie Liljenquist walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wakikumbushwa uovu walioutenda huvutwa zaidi na vitu vya kusafishia. Wengine waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo yale yale kila mara. Kwangu haidhuru. Macbeth alikuwa ameshasema jambo zito zaidi ya hilo: kwamba mkono wenye hatia hautakaswi na maji, unayachafua.

Asubuhi inafika, lango linagongwa, maiti inagunduliwa. Na mbele ya wakubwa wote Macbeth anasema: laiti ningekufa saa moja kabla ya jambo hili, ningekuwa nimeishi maisha yenye baraka. Anaigiza. Anataka wamwone kama mtumishi mwaminifu aliyevunjika moyo. Lakini kila neno ni kweli, kuliko wanavyojua wote waliosimama pale. Sijui sentensi nyingine katika tanzia yoyote inayoniuma kama hii, kwa sababu hii ndiyo namna pekee ambayo hatia yake inaruhusiwa kusemwa hadharani wakati huo: ikiwa imevikwa uongo.

Kuna mtu katika tamthilia hii ambaye hatumwoni jukwaani hata mara moja, naye kwangu ni muhimu kupita kiasi cha mistari aliyopewa. Kabla ya kuwa mfalme, Macbeth alipewa cheo cha thane wa Cawdor, yaani kabaila anayetawala eneo kwa niaba ya mfalme. Cheo kilikuwa wazi kwa sababu mwenyewe alimsaliti Duncan vitani, akahukumiwa kifo. Malcolm, mtoto wa mfalme, anasimulia kifo chake: alikiri usaliti wake waziwazi, akaomba msamaha, akaonyesha toba ya dhati, na hakuna jambo maishani mwake lililompendeza kama namna alivyoyaacha maisha hayo. Basi. Hasikiki tena. Naamini Shakespeare alimweka mapema kwa makusudi. Anatuonyesha msaliti anayekiri na kufa akiwa mwepesi, kisha anampa msaliti mwingine jina lake. Macbeth alikirithi cheo, hakuirithi toba.

Miaka michache kabla, katika Hamlet, Shakespeare alikuwa amelishika swali hilo hilo la toba kupitia Claudius, aliyemuua kaka yake akatwaa taji na mke. Claudius anapiga magoti kusali na anakwama, kwa sababu anajua kwamba hawezi kusamehewa huku bado amevishika alivyovipata kwa kuua. Angalau Claudius alipiga magoti. Angalau aliliuliza swali lenyewe kwa sauti. Macbeth anajuta usiku na mchana, anajuta kwa lugha nzuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuandikiwa maneno ya kusema jukwaani, na hata mara moja haulizi: itakuwaje nikilirudisha taji?

Majuto ya namna hiyo ndiyo yanayoniogopesha. Hayamfanyi mtu awe mwema. Yanamtafuna tu, na mtu anayetafunwa hutafuta wa kumwangukia.

Wa kwanza ni Banquo. Macbeth anatoa sababu ya kisiasa: wachawi walitabiri kwamba watoto wa Banquo watakuwa wafalme, kwa hiyo yeye ameichafua nafsi yake kwa faida ya watoto wa mwenzake. Ni sababu nzito na siipuuzi. Lakini msikilize vizuri katika uzungumzi nafsia wake, yaani maneno anayojisemea peke yake, mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Anasema yeye hamwogopi mtu yeyote aliye hai isipokuwa Banquo, kwamba mbele ya mtu huyo roho yake inajiona imekemewa. Imekemewa kwa lipi? Banquo alisimama mahali pale pale, akawasikia wachawi wale wale, akaahidiwa ukuu naye. Hata alisumbuliwa na mawazo mabaya usiku, akaiomba mbingu imzuie asiyafuate. Kisha akaenda kulala bila kumuua mtu. Kwa mwenye hatia hakuna uso mgumu kuutazama kama wa mtu aliyejaribiwa kama yeye akajizuia. Kila Banquo anapoingia ukumbini anathibitisha, bila kusema lolote, kwamba ilikuwa inawezekana kutofanya.

Onyesho linalofuata ni fupi, na nalipenda kuliko karamu maarufu inayokuja baada yake. Mke yuko peke yake. Anasema kwamba wametumia kila kitu na hawakupata chochote, kwamba ni afadhali kuwa yule waliyemuua kuliko kuishi kwa furaha yenye mashaka. Mume anaingia, na papo hapo mke anabadilisha uso: mbona unakaa peke yako na mawazo mabaya, lililokwisha kufanyika limekwisha. Mume naye anasema kwamba anamwonea wivu Duncan, aliyemo kaburini akilala vizuri baada ya homa ya maisha. Kichwa changu kimejaa nge, mke wangu. Wote wawili wanatamani kuwa maiti ile ile. Wote wawili wamesimama chumba kimoja, kila mmoja na maneno yale yale kifuani, na mke hasemi kwamba dakika moja iliyopita ametamka jambo hilo hilo. Angesema tu! Mimi humlilia mama huyu katika ukurasa huu zaidi ya ule ambao baadaye anatembea akiwa usingizini, kwa sababu hapa bado kulikuwa na mtu wa kumwambia.

Na mume anamalizia kwa kufunga mlango. Mke anapouliza kitafanyika nini, anamwambia kwa jina la mapenzi asijue kitu mpaka atakapolisifu tendo lenyewe. Mtu aliyemwandikia mkewe barua ya kumwita mshirika mpenzi wa ukuu wake sasa anapanga mauaji bila yeye. Anadhani anamlinda. Ndoa yao, ambayo ni ndoa ya mapenzi na mtu asinibishie, inakufa hapo bila ugomvi wowote.

Karamu nitaipita haraka kwa sababu kila mtu anaijua. Mzuka wa Banquo unakaa kwenye kiti cha Macbeth, yeye peke yake ndiye anayeuona, na mbele ya wageni anapiga kelele kwamba usiseme ni mimi niliyefanya. Mke anawatuliza wageni: mume wangu ana ugonjwa huu tangu ujana. Ninachotaka kukiangalia ni yaliyotokea wageni walipoondoka. Mke, aliyekuwa akimkemea kwa nguvu mbele ya watu, sasa hana nguvu tena. Anajibu kwa sentensi fupi, anamwita bwana, anamwambia kwamba anakosa usingizi. Na mume anasema maneno ambayo kwangu ndiyo hukumu yake. Ameingia katika damu, anasema, na amefika mbali kiasi kwamba hata kama hataendelea mbele, kurudi kungechosha sawa na kuvuka. Hasemi kwamba haiwezekani kurudi. Anasema inachosha. Njia ya yule thane wa Cawdor bado ipo, anaiona, na anaipima kwa uchovu.

Baada ya hapo anafanya uamuzi ambao ndio kiini cha makala hii. Amepata habari kwamba Macduff amekimbilia Uingereza. Anajilaumu kwa kuchelewa, kisha anaapa: kuanzia sasa, kitakachozaliwa kwanza moyoni mwangu ndicho kitakachozaliwa kwanza mkononi mwangu. Tukumbuke alikotoka. Mtu huyu alikuwa na nafasi pana kati ya wazo na tendo, na nafasi hiyo ilijaa majuto hata kabla ya jambia. Humo ndimo alimokaa akihesabu sababu za kutomuua Duncan: ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, ni mgeni wangu, ni mtu mwema. Humo ndimo alimoliona jambia likielea hewani. Humo ndimo alimomwambia mkewe kwamba tusiendelee na jambo hili. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa utu wake. Sasa, kwa kuchoka kuumia, anaiziba. Wazo na tendo vitakuwa kitu kimoja, majuto yasipate pa kukaa.

Na tunda la kwanza la nadhiri hiyo ni mke wa Macduff na watoto. Hawana taji, hawana utabiri, hawamtishi kwa lolote, na Macduff mwenyewe hayupo. Mtoto mmoja anauawa mbele ya macho yetu huku akimsihi mama yake akimbie. Kwa Duncan tulifichwa. Hapa Shakespeare anatulazimisha kutazama, na naona alifanya haki, maana mtu akishamhurumia Macbeth kwa muda mrefu hivi, lazima aonyeshwe huruma hiyo inagharimu nini.

Wakati huo mke wa Macbeth ametoweka. Sehemu nzima ya nne hayumo. Tunapomwona tena yumo Dunsinane, ngome ya mumewe, usiku, anatembea akiwa usingizini, mshumaa mkononi, na msaidizi wake wa chumbani amemleta daktari ashuhudie. Ameagiza taa iwe karibu naye wakati wote. Aliyeuita usiku mzito uje umfunike sasa hawezi kukaa gizani. Hazungumzi tena kwa ushairi. Anazungumza kwa nathari iliyokatikakatika, sauti ya mtu ambaye mpangilio umemtoka.

Waigizaji waliomtangulia Sarah Siddons walikuwa wakiushika mshumaa muda wote wa onyesho hili. Siddons, alipoigiza Drury Lane jijini London mwezi Februari 1785, aliuweka chini ili mikono yote miwili iwe huru kunawa. Msimamizi wa ukumbi, mtunzi Richard Sheridan, alikwenda kumsihi asithubutu kuvunja mazoea. Alikataa, na baadaye Sheridan akampongeza. Alikuwa sahihi kabisa. Bila mikono miwili onyesho halipo. Msaidizi anamwambia daktari kwamba amewahi kumwona akinawa hivyo kwa robo saa.

Kisha sikiliza anachokitaja. Ondoka, doa lililolaaniwa. Nani angedhani kwamba mzee yule alikuwa na damu nyingi kiasi hiki? Hiyo ni ya Duncan, na aliishika. Lakini anaendelea: thane wa Fife, yaani Macduff, alikuwa na mke, yuko wapi sasa? Banquo amezikwa, hawezi kutoka kaburini. Banquo hakumuua yeye, alifichwa hadi jina la mpango. Mke wa Macduff hakuwahi kuagiza auawe. Hata hivyo damu yao iko mikononi mwake, pamoja na ile ya mzee. Mume aliacha kuhesabu; mke anahesabu kwa niaba ya wote wawili. Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, katika makala yake ya mwaka 1916, alilitafakari jambo hili na kukubaliana na wazo kwamba wawili hawa ni kama nafsi moja iliyogawanywa: hofu iliyoota kwa mume usiku wa mauaji inakuja kukomaa kwa mke. Mume ndiye aliyesikia kwamba hatalala, na mke ndiye aliyenyimwa usingizi. Sikubaliani na Freud katika mengi, ila hapa naona ameuona mwili wa jambo.

Manukato yote ya Uarabuni hayatauondoa uvundo wa mkono huu mdogo, anasema. Maji kidogo yameshindwa. Na ile kauli aliyomwambia mumewe, kwamba lililofanyika limefanyika, anaisema tena akiwa usingizini ikiwa imepinda: lililofanyika haliwezi kutenduliwa. Daktari anasema mwanamke huyu anamhitaji kasisi zaidi ya tabibu. Anasema pia kwamba akili zilizoambukizwa huzimwaga siri zao kwa mito isiyosikia. Malkia wa nchi nzima, na wa kumsikia ni mto wa kulalia.

Kabla tu ya onyesho hilo, huko Uingereza, Macduff ameletewa habari za nyumbani kwake. Anauliza na kurudia kuuliza: watoto wangu pia? Mke wangu pia? Malcolm anamwambia aipe huzuni maneno, kwa sababu huzuni isiyosema huunong'oneza moyo uliojaa na kuuambia upasuke. Kisha anamtaka alichukue jambo hili kiume. Nitafanya hivyo, anajibu Macduff, lakini lazima pia niliumie kama mwanadamu. Na anajihukumu mwenyewe, mbele ya watu: Macduff mwenye dhambi, wote wamepigwa kwa ajili yako. Ana hatia ya kweli, maana aliwaacha bila ulinzi na hakuna mahali anapoeleza kwa nini. Lakini anaitamka. Macho yamelowa, watu wanamwona, na hatia yake haihitaji mtoto wa mtu mwingine afe ili yeye apumue.

Macbeth mwishoni amefaulu, kama hilo ni neno lake. Anasikia kilio cha wanawake ndani ya ngome na anasema karibu amesahau ladha ya hofu. Zamani mlio wa usiku ungemgandisha. Anaambiwa malkia amekufa. Anajibu kwamba angekufa baadaye, wakati ungepatikana wa neno kama hilo, kisha anazungumza juu ya kesho na kesho na kesho, na maisha yasiyo na maana yoyote. Watu husoma maneno hayo kama falsafa. Mimi nasikia mtu ambaye ameizima dhamiri yake ili asiumie, akakuta kwamba kifaa hicho hicho ndicho kilichokuwa kikimwezesha kumlilia mkewe.

Na hata hivyo haikuzimika yote. Anapokutana na Macduff uwanjani, anarudi nyuma. Kati ya watu wote, anasema, wewe ndiye niliyekukwepa. Ondoka, nafsi yangu imeshalemewa na damu ya watu wako. Hajui bado kwamba Macduff hakuzaliwa kwa njia ya kawaida, bali alitolewa kwa kupasuliwa tumbo la mama yake. Anaamini utabiri aliopewa kwa wachawi, kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke anayeweza kumdhuru, kwa hiyo hasemi kwa woga. Ni majuto yale yale ya mwanzo, yamepenya tena, na safari hii anamwambia anayedai damu hiyo. Macduff anasema hana maneno, sauti yake iko kwenye upanga. Hakuna anayeweza kumlaumu.

Malcolm anachukua kiti na kuwaita marehemu wale mchinjaji na malkia wake mfano wa shetani, aliyesemekana kujiua kwa mikono yake mwenyewe. Kwa mtu aliyeuawa baba yake, na ambaye rafiki yake amefiwa na watoto, ni haki yake kusema hivyo, na Scotland ilihitaji kuyasikia maneno hayo. Mimi nayakataa, kwa sababu Malcolm hakupewa ushahidi. Aliyeusikia ni daktari, na aliondoka chumbani akisema kwamba anafikiri lakini hathubutu kusema. Msaidizi wa malkia naye alikuwa amekataa kuyarudia maneno ya bibi yake kwa mtu yeyote.